Tanga: Joho liko kwa meya, mkoba uko Dodoma

MPANGAJI wa chumba kimoja huko Ngamiani, jijini Tanga, anaponunua umeme wa shilingi 5,000 mwanzoni mwa mwezi, hapati umeme wa shilingi 5,000. Kabla ya uniti kuhesabiwa, hukatwa kwanza shilingi 1,500 ikiwa ni kodi ya jengo. Jengo si lake. Halina hata jina lake. Lakini mita iliyoko ukutani ndiyo anayoitumia, na simu iliyonunua umeme ni yake, hivyo kodi hiyo ameilipa yeye, na kama atarejeshewa na mwenye nyumba ni jambo la maelewano yao wawili.

Shilingi hizo 1,500 zina safari yake. Hutoka katika simu, hupita Shirika la Umeme (TANESCO), huingia Mamlaka ya Mapato (TRA), na kutoka hapo huelekea Hazina. Mahali ambapo hazipiti ni katika ofisi za Halmashauri ya Jiji la Tanga. Hata hivyo, taka zikikaa wiki nzima mlangoni pa nyumba ileile, mpangaji huyo haendi TANESCO wala TRA. Huenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti humpeleka kwa diwani. Diwani naye husimama katika Baraza la Madiwani na kuuliza kwa nini gari la taka halifiki katika kata yake. Jibu atakalopewa ni moja kati ya mawili: gari ni bovu, au mafuta hayatoshi.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo ya Tanga, na kwa kiasi kikubwa cha miji yote ya Tanzania inayoitwa majiji, manispaa na miji. Kwa muda wa takriban miaka kumi sasa, mambo ambayo mwananchi anadhani yako mikononi mwa halmashauri yake yamekuwa yakihamishwa moja baada ya jingine. Kodi ya majengo iliondoka. Barabara ziliondoka, na maegesho ya magari yakafuata. Kilichobaki barazani ni lawama, na lawama haijawahi kuhamishwa kwa tangazo la Serikali.

Tanga ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2005. Wakati ule ilikuwa habari ya furaha kwa mji uliokuwa umezoea kuhesabiwa miongoni mwa miji iliyopitwa na wakati, mji wa mkonge uliokosa soko na wa viwanda vilivyofungwa milango, ambao wageni waliukumbuka kwa baiskeli zake na kwa ule msemo wa “waja leo, waondoka leo”. Wakazi waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2012 walikuwa 273,332. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta 393,429. Kwa maneno mengine, katika miaka kumi mji uliongeza watu zaidi ya 120,000, kila mmoja akiwa na taka zake, na watoto wa kuandikishwa shule, na njia ya kupita wakati wa mvua.

Na si watu tu walioongezeka. Bandari ya Tanga, ambayo kwa miaka mingi meli zake zilitia nanga mbali na shehena ikaletwa ufukweni kwa matishari, ilifanyiwa maboresho makubwa yaliyogharimu zaidi ya shilingi bilioni 429, yakiwamo ya kujenga gati la mita 450. Huko Chongoleani, kaskazini mwa jiji, jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, liliwekwa Agosti 2017. Bomba hilo lilipangwa kuwa na urefu wa kilomita 1,443, na mwisho wake ni ndani ya mipaka ya halmashauri hii. Malori yameongezeka. Kodi za nyumba za kupanga zimepanda. Ardhi iliyokuwa mashamba ya minazi imekuwa viwanja.

Mtu angetarajia kwamba mji unapokua namna hii, mfuko wa halmashauri nao hukua. Nyumba mpya ni kodi mpya ya jengo. Ndivyo ilivyo katika sehemu nyingi za dunia, na ndiyo sababu kodi ya majengo huhesabiwa kuwa kodi ya serikali za mitaa kuliko kodi nyingine zote: nyumba haihami, haifichiki, na thamani yake hupanda kwa sababu ya barabara, mtaro na taa zilizowekwa karibu nayo. Aliyeweka barabara hupata sehemu ya thamani aliyoiongeza, naye huitumia kuweka barabara nyingine.

Tanzania ilikuwa na utaratibu huo, tena kwa sheria. Halmashauri za miji zilipewa uwezo wa kutoza kodi ya majengo chini ya sheria za serikali za mitaa. Ni kweli kwamba zilikusanya kwa uzembe. Madaftari ya uthamini yalikuwa ya zamani, nyumba nyingi hazikuwamo, ankara zilipelekwa kwa mkono na watendaji waliokuwa na kazi nyingine kumi, na fedha nyingine zilipotea kati ya mlango wa mlipaji na dirisha la mhasibu. Jijini Dar es Salaam kazi hiyo iliwahi kupewa TRA mwaka 2008, kisha ikarejeshwa kwa manispaa. Mwaka 2016 sheria ya fedha iliikabidhi tena TRA, safari hii katika halmashauri 30 za majiji, manispaa na miji. Mwaka uliofuata zikaingizwa halmashauri zote nchini, na ushuru wa mabango ya matangazo ukaondoka pamoja nayo.

Jambo la kusikitisha ni wakati uliochaguliwa. Kuanzia mwaka 2010 Tanga ilikuwa miongoni mwa miji iliyoingizwa katika mradi wa miji ya kimkakati uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma, Kigoma na Mtwara. Mradi ule unakumbukwa na wengi kwa barabara za lami, lakini sehemu yake nyingine ilikuwa ni kuziwezesha halmashauri kukusanya mapato kwa mfumo wa kompyuta uliounganisha majengo, wamiliki wake na ankara. Yaani halmashauri zilikuwa zimeanza kufundishwa kuhesabu nyumba zake. Somo halijakwisha, mwanafunzi akanyang’anywa daftari.

Baada ya hapo kodi yenyewe ilibadilika sura. Kuanzia mwaka 2018 uthamini uliwekwa pembeni na viwango mfuto vikaingia: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida na shilingi 50,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini. Mwaka 2021 viwango hivyo vilipanda hadi 12,000 na 60,000, na mwezi Agosti mwaka huo makato yakaanza kupitia LUKU. Mwaka 2023 vikapanda tena hadi shilingi 18,000 na 90,000, ambazo kwa mwezi ni 1,500 na 7,500.

Utaratibu wa LUKU una sifa moja ambayo ni haki kuitaja: unafika kila mahali penye umeme, bila mgambo wala ankara, na bila mtu kugongewa mlango. Kwa mkusanyaji wa kodi hii ni raha isiyo na mfano. Lakini raha ya mkusanyaji si lazima iwe haki kwa mlipaji. Nyumba ya matofali ya vyumba vitatu iliyoko Magaoni hulipa shilingi 1,500 kwa mwezi. Jumba la kifahari lisilo na ghorofa, lililoko Raskazone likitazama bahari, lenye bustani na nyumba ya mlinzi, nalo hulipa shilingi 1,500 kwa mwezi. Thamani ya kiwanja cha pili pekee yaweza kununua nyumba za mtaa mzima wa kwanza. Kodi iliyokuwa ikifuata thamani ya mali sasa inafuata mita.

Na mita, kama ilivyoonekana tangu mwanzo, haijui nani mwenye nyumba. Sheria inamtambua mmiliki kuwa ndiye mdaiwa. Mpangaji anayelipa kwa niaba yake ana haki ya kudai. Lakini kati ya haki iliyoandikwa na mpangaji wa chumba kimoja anayemdai mwenye nyumba shilingi 1,500 kila mwezi, huku mkataba wake ni wa mdomo na kuna wengine watatu wanaokitaka chumba hicho, kuna umbali mrefu. Wengi wameamua kunyamaza. Wazee wenye umri wa miaka 60 na kuendelea wamesamehewa kodi kwa nyumba wanazoishi, lakini msamaha huo hauji wenyewe. Lazima mzee aende kuuomba, apeleke uthibitisho, mita ifutwe katika orodha. Zamani angeweza kumalizana na ofisi ya kata. Sasa ofisi ya kata humwelekeza TRA.

Zikija nyumba elfu moja mpya Chongoleani kwa sababu ya bomba la mafuta, kodi yake itapanda Hazina siku hiyohiyo umeme utakapounganishwa. Mgawo wowote utakaoteremka kutoka huko kuja halmashauri utateremka kama ruzuku, kwa kiwango na wakati utakaoamuliwa huko, si kama haki ambayo mweka hazina wa jiji anaweza kuiandika katika bajeti na kuitegemea. Hii ndiyo tofauti kubwa ambayo mara nyingi hufichwa na hoja ya nani anakusanya vizuri zaidi. Swali la nani anakusanya ni la kiufundi. Swali la nani anaamua kiwango, na nani anaulizwa fedha zimekwenda wapi, ni la utawala.

Upande wa barabara, hadithi inafanana, ingawa matokeo yake yana utata zaidi. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) ulizinduliwa Julai 2, 2017, ukachukua barabara zilizokuwa chini ya halmashauri pamoja na wahandisi wake. Sababu zilizotolewa zilikuwa na uzito. Fedha za mfuko wa barabara zilizopelekwa halmashauri ziliwahi kutumika kwa mambo mengine, na mikataba ya ujenzi wa barabara ilikuwa mojawapo ya vishawishi vikubwa kwa madiwani na watendaji. Mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 katika kila lita ya mafuta ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara zilizo chini ya wakala huo, na hakuna ubishi kwamba fedha za barabara za mijini na vijijini ziliongezeka kuliko ilivyokuwa halmashauri zilipozisimamia.

Lakini barabara ya mjini si lami tu. Ni mtaro ulioko pembeni, na taka zilizoziba mtaro huo, na mama lishe aliyeweka meza juu ya mfuniko wake, na bodaboda waliofanya kona yake kuwa kijiwe. Mtaro ukiwa wa wakala, taka za halmashauri, meza ya afisa biashara na bomba la chini la mamlaka ya maji, basi mvua za masika zikinyesha Tanga, maji hukaa barabarani yakisubiri vikao vinne. Meneja wa TARURA huhudhuria Baraza la Madiwani na kutoa taarifa. Madiwani humhoji kwa ukali unaostahili. Hawawezi kubadilisha mpango wake wa mwaka, kwani bosi wake hayumo ukumbini.

Ada za maegesho katika miji nazo zilikwenda kwa wakala huohuo. Kwa Tanga pigo hilo si kubwa kama lilivyokuwa kwa miji yenye magari mengi. Baiskeli, ambazo bado ni nyingi, hazijawahi kulipishwa maegesho. Lakini ni tone jingine lililotoka katika ndoo ileile.

Tone jingine lilitoka Desemba 2018, vilipoanza kugawiwa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka akawa hatozwi ushuru wa kila siku. Kwa mchuuzi wa Mgandini au muuza samaki wa Deep Sea, aliyekuwa akikabwa na mgambo kwa shilingi 200 au 500 kila asubuhi, ile ilikuwa nafuu ya kweli, na hakuna mtu mwenye moyo wa haki anayetamani siku zile zirudi. Hata hivyo soko liliendelea kufagiliwa na halmashauri, na choo cha soko kiliendelea kuwa cha halmashauri, wakati fedha za kitambulisho zilikwenda kwingine.

Kilichobaki kwa jiji ni leseni za biashara, ushuru wa stendi ya Kange, kodi za vibanda, vibali vya ujenzi, ada za taka, ushuru wa nyumba za kulala wageni, na juu ya yote ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi umetozwa kwa kiwango cha asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni. Huu wa mwisho ndio tegemeo. Tanga ina bahati ya kuwa na viwanda, vikiwamo vya saruji, na bandari imeleta makampuni ya wakala na usafirishaji. Lakini ni ushuru wenye mabishano mengi. Kampuni yenye makao makuu Dar es Salaam na ghala Tanga inaweza kudai kwamba mauzo yake yamefanyika Dar es Salaam, na jiji likabaki kuthibitisha kinyume chake bila ya kuwa na vitabu vya hesabu vya kampuni hiyo.

Hata hicho kilichobaki hakiko huru. Asilimia 10 ya mapato ya ndani lazima itengwe kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Jambo hili liliwekwa katika sheria mwaka 2018, na lengo lake ni jema. Lakini Aprili 2023, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kufichua mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi visivyokuwapo, Serikali ilisimamisha mikopo hiyo nchi nzima, na ikairejesha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Zilizoharibu na ambazo hazikuharibu zilisimamishwa pamoja. Sehemu nyingine kubwa ya mapato ya ndani hupaswa kwenda katika miradi ya maendeleo kwa viwango vinavyotolewa na wizara. Mafuta ya gari la taka si mradi wa maendeleo.

Wapo wanaosema, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwamba halmashauri zimejitakia haya. Ripoti za Mdhibiti kila mwaka zinaonyesha fedha zilizokusanywa kwa mashine za kielektroniki zisizofikishwa benki, mashine zilizozimwa kwa wiki kadhaa, na wakusanyaji waliotoweka. Mtu akiangalia ripoti hizo anaweza kuuliza kwa nini mkoba mkubwa zaidi ukabidhiwe mikono hiyo hiyo. Lakini hapa kuna jambo linalosahauliwa. Mkurugenzi wa jiji, ambaye ndiye ofisa masuuli na mwenye sahihi juu ya kila hundi, huteuliwa na Rais. Wakuu wa idara huhamishwa na wizara. Diwani hamwajiri mhasibu na hana uwezo wa kumfukuza mkurugenzi. Anaweza kulalamika, kamati ya fedha inaweza kugoma kupitisha taarifa, na malalamiko hayo yakapanda mkoani. Kwa hiyo wanaolaumiwa kwa uzembe wa kukusanya ni watumishi wa Serikali Kuu walioko Tanga, na adhabu yake ni kwamba fedha zikakusanywe na watumishi wengine wa Serikali Kuu. Aliyepoteza katika mabadiliko hayo ni mpiga kura pekee.

Tanga ina mfano wa kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Baada ya Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2015, upinzani ulikuwa na nguvu kubwa katika jiji hili. Kiti cha ubunge kilichukuliwa na Chama cha Wananchi (CUF), na chama hicho kilidai kuwa na madiwani wengi zaidi barazani. Uchaguzi wa meya ulipofanyika, mgombea wa Chama Cha Mapinduzi (CCM) akatangazwa mshindi. Madiwani wa CUF walikataa matokeo, na kwa miezi kadhaa ya mwaka 2016 Baraza likawa halikaliki. Mji mzima uligawanyika juu ya nani avae joho na mkufu. Katika mwaka huohuo, huku mgogoro ukiendelea, kodi ya majengo iliondoka. Ni shida kuikumbuka vurugu yoyote iliyotokea barazani kwa ajili ya hilo.

Tangu mwaka 2020 jiji limekuwa chini ya CCM, na mbunge aliyechaguliwa mwaka huo, Ummy Mwalimu, aliwahi kuwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kuanzia Aprili 2021 hadi Januari 2022. Kama tatizo lingekuwa ni chama au ukaribu na wakubwa, basi hakuna mji uliokuwa karibu zaidi. Ilikuwa ni katika kipindi hichohicho, Agosti 2021, ambapo LUKU ilianza kukata.

Mji huu umewahi kuyaona haya. Mwaka 1972 Serikali ilianzisha mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, na halmashauri za wilaya zikavunjwa; za miji zikafuata. Jina lilisema madaraka yanashuka, lakini waliopewa madaraka hayo walikuwa maofisa walioteuliwa na Serikali Kuu. Miji ikakosa mwenyewe. Mitaro iliziba, vyoo vya umma vikabomoka, na kipindupindu kilipozuka mwishoni mwa muongo ule, Serikali ilirudisha halmashauri za miji kwa sheria ya mwaka 1978. Za wilaya zilirejea mwaka 1984. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alipoulizwa katika miaka hiyo ya themanini ni mambo gani asingeyarudia, alitaja kuvunjwa kwa serikali za mitaa na kuvunjwa kwa vyama vya ushirika. Si mara nyingi kiongozi wa nchi husema hivyo angali madarakani.

Ndipo Katiba ikaongezewa ibara za 145 na 146, zinazotambua kuwapo kwa serikali za mitaa na kusema lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwaka 1998 ikatoka sera ya maboresho iliyoahidi ugatuaji wa madaraka, fedha na watumishi. Safari hii hakuna halmashauri iliyovunjwa, ukiacha ile ya Jiji la Dar es Salaam iliyofutwa kwa uamuzi wa Februari 2021 na hadhi yake kupewa Ilala. Nyingine zipo, zina kumbi, zina vikao vya robo mwaka, zina kamati za kudumu na posho zake.

Kwamba mji wa pwani kama Tanga hauna uwezo wa kusimamia fedha zake ni hoja ambayo imejibiwa hapohapo Tanga, tena na jirani wa halmashauri. Februari 2024, Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya muda wa miaka 10 na riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Wawekezaji walileta zaidi ya kiasi kilichoombwa, na hatifungani hiyo ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Fedha hizo ni za kupanua huduma ya maji ya Tanga na miji jirani, maji ambayo chanzo chake kikuu ni mto Zigi na bwawa la Mabayani.

Kwa nini mwenye fedha alikubali kuikopesha mamlaka ya maji ya mji ambao wengine wanaucheka kwa usingizi wake? Kwa sababu ina ankara zake. Kila mwezi inajua ina wateja wangapi na wanalipa nini, na fedha hizo zinaingia kwake, si kwa mwingine atakayemgawia akipenda. Halmashauri ya jiji inayohudumia watu hao hao, katika nyumba zile zile, haiwezi kwenda kwa mwekezaji na kusema inataka kujenga soko jipya la samaki au kununua magari ya taka kwa mkopo. Kitu cha kuonyesha kuwa dhamana, yaani kodi ya nyumba zake, hakiko mkononi mwake.

Madiwani waliopatikana katika Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025 wamekuta hali hii ikiwa ya kawaida kiasi kwamba wengi wao hawakuwamo barazani wakati kodi hiyo ilipokuwa ya jiji. Wanayo nafasi, kupitia Jumuiya ya Serikali za Mitaa (ALAT), ya kudai mambo mahususi kuliko kilio cha jumla cha “tuongezewe ruzuku”. LUKU inaweza kubaki njia ya kukusanya. Mashine haina kosa. Kinachoweza kudaiwa ni kwamba fedha zinazokatwa katika mita za Tanga ziingie moja kwa moja katika akaunti ya Tanga, TRA na TANESCO zikitoa gharama zao. Kwamba makusanyo ya kila kata yabandikwe katika ofisi ya kata kila robo mwaka. Na kwamba Baraza lirejeshewe uwezo wa kutofautisha Raskazone na Magaoni. Hayo hayahitaji Katiba mpya. Yanahitaji vifungu vichache katika muswada wa sheria ya fedha, unaopelekwa bungeni kila Juni.

Bajeti ya jiji hujadiliwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Kamati ya Fedha na Uongozi huketi, makisio husomwa, na kila diwani hutafuta jina la kata yake katika vitabu. Mwaka baada ya mwaka mjadala mrefu zaidi huwa ni wa taka: magari mangapi yapo, mangapi yanatembea, nani alipe na kiasi gani. Pendekezo rahisi kuliko yote huwa ni kupandisha ada ya taka kwa kila kaya. Likipitishwa, mpangaji wa Ngamiani ataletewa stakabadhi yake mlangoni na kijana aliyetumwa na mtaa, siku chache baada ya kununua umeme.